Bombolone na mahamri: tusijidanganye

Mdogo wangu wa Malindi aliona picha yangu nikila bombolone, donati ya Kitaliano, krimu hadi shavuni, akanipigia papo hapo. "Kaka, sukari yote hiyo wazila kila siku?" Nikacheka. Upande wake nilikuwa nasikia kijiko kikikoroga chai, na hakikuwa cha kwanza.

Hapa Viareggio, mji wa pwani wa Toskana, Italia, kiangazi kikifika, wachuuzi hupita ufukoni wakinadi bomboloni kama kwetu wanavyonadi madafu. Ni unga wa ngano, mayai, siagi, maziwa na hamira. Donge likishaumuka hukaangwa, hugaragazwa kwenye sukari lingali moto, kisha hujazwa krimu ya maziwa na viini vya mayai. Moja ya gramu 100 hivi yaweza kufika kalori 350 au zaidi. Si haba! Lakini Wataliano ninaowaona mimi hula moja tu, wamesimama kaunta, kapuchino mkononi, na dakika tano baadaye wamekwenda zao. Wanajua ni kitamutamu.

Sisi mahamri tunayaita chakula. Unga ni ule ule mweupe, siagi imepisha tui, kuna sukari na iliki, na karai la mafuta halijaenda popote. Krimu hamna, kweli, ila nani huhesabu akishafika la nne? Na chai je? Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe viwili: hapo ni kama gramu 25 za sukari. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni hizo hizo gramu 25. Mahamri yenyewe hujayagusa bado.

Tunapowashinda ni kwenye mbaazi. Staftahi ya huku ni tamu juu ya tamu. Saa nne tumbo langu languruma kazini. Mbaazi za nazi zina protini na nyuzinyuzi, ukizila asubuhi wafika adhuhuri bila kutafuta kitu.

Jumapili iliyopita nilimkaribisha jirani, Mtoskana wa kuzaliwa, nikamwandalia mahamri kwa mbaazi. Mwanzo alikunja uso: mbaazi, asubuhi, na kitu kitamu! Akala manne, tena ameketi.