Mgeni wa Njiro na mgeni wa Unga Limited

Chukua Wakenya wawili wanaoishi Arusha. Mmoja ni ofisa katika makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, nyumba yake iko mtaa wa Njiro, watoto wanasoma shule ya kimataifa. Wa pili ni msusi aliyepanga chumba kimoja mtaa wa Unga Limited, choo cha kuchangia na wapangaji wengine. Wote walivuka mpaka wa Namanga kwa pasi za nchi moja, na huenda wanaabudu kanisa moja. Lakini wa kwanza analindwa na mkataba baina ya mataifa. Wa pili, akifungua saluni yake mwenyewe, tangu Julai 2025 anahesabika kuwa mkosaji.

Amri iliyotangazwa na Wizara ya Viwanda na Biashara mwezi huo ilitaja biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya Tanzania. Zimo biashara ya jumla na rejareja, uwakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu, ufundi simu, saluni, usafi wa nyumba na ofisi, uchimbaji mdogo wa madini, udalali, kununua mazao shambani, viwanda vidogo. Mbili zinagusa moja kwa moja mji wetu unaoishi kwa utalii: kuongoza watalii na maduka ya vinyago na kumbukumbu. Anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10, kifungo kisichozidi miezi 6, na kufutiwa viza au kibali cha ukaazi. Mtanzania atakayemsaidia mgeni kukwepa naye ana adhabu yake, faini ya milioni 5 au miezi 3 jela. Nairobi walilalamika. Mitaani kwetu wengi walishangilia, na sidhani kama walishangilia kwa chuki. Kijana aliyesoma chuo cha utalii akakaa benchi, kisha akamwona mgeni anashika usukani wa gari la watalii kwenda Tarangire, ana haki ya kuuliza. Mama mwenye fremu Kaloleni ambaye mtaji wake wote ni mkopo wa kikundi hawezi kushindana na mtu anayeagiza kontena moja kwa moja kutoka kiwandani Guangzhou, China. Kilio cha wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, kilikuwa hicho hicho, nacho kilikuwa cha kweli.

Kwa hiyo hoja ya kuilinda riziki ndogo ya mwananchi naikubali. Kinachonisumbua ni mabano ya amri ile. Rejareja ni marufuku, isipokuwa supamaketi. Saluni ni marufuku, isipokuwa iwe ndani ya hoteli au kwa shughuli za utalii. Mashine za kamari ni marufuku, isipokuwa ndani ya kasino. Kila palipowekwa isipokuwa, anayepita ni mwenye fedha. Hakuna isipokuwa hata moja iliyokatwa kwa kipimo cha msusi. Soma pamoja na Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022, iliyomtaka mgeni awe na mtaji usiopungua dola 500,000 ndipo apewe cheti chenye nafuu za mwekezaji, wakati Mtanzania alitakiwa awe na dola 50,000, na picha inakamilika. Nchi imeshaamua ni mgeni wa aina gani inamtaka.

Wanaoutetea uamuzi huo hawana aibu nao, na hawana sababu ya kuwa nayo. Hoteli moja ya kitalii huko Usa River inaajiri wapishi, walinzi, madereva, watunza bustani, inanunua mboga na maziwa kwa wanakijiji, inalipa kodi inayoonekana. Msusi anajiajiri yeye peke yake, na sehemu ya pesa anaituma kwao. Tanzania inapakana na nchi 8. Imebeba wakimbizi wa Rwanda, Burundi na Kongo kwa miongo mingi, na mwaka 2014 ikawapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 waliokuja tangu mwaka 1972 pamoja na watoto wao. Nchi yenye historia hiyo ikisema sasa inachagua, haistahili kuitwa katili.

Hata hivyo Arusha ina kumbukumbu ya mgeni tajiri ambayo miji mingi haina. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kule Engare Nanyuki, ikachoma nyumba zao, ili ardhi ipewe walowezi wafuge ng'ombe. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa, New York, kuishtaki serikali hiyo. Wale walowezi pia walisifiwa kwamba wanaleta mtaji na maarifa. Ndiyo maana Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, na ndiyo maana Tanzania ilisimama kidete kwenye mazungumzo ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki hadi suala la ardhi likaachwa chini ya sheria za kila nchi. Sisi tunaelewa vizuri kwamba mgeni mwenye hela anaweza kukuacha huna pa kulima. Msusi wa Unga Limited hawezi kumwondoa mtu Engare Nanyuki.

Fedha za mgeni zina namna nyingine ya kusukuma watu, ya polepole na isiyo na moto. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda ilifanya kazi hapa hadi mwisho wa 2015, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikahamia mwaka 2007, Jumuiya nayo ikakua. Nyumba za Njiro na Sakina zikaanza kutajwa bei kwa dola, na mwalimu wa serikali akasogea Muriet au Moshono, kisha mbele zaidi. Nikiwa mkweli, hapa wa kulaumiwa si mgeni. Mwenye nyumba alikuwa mwenzetu, dalali alikuwa mwenzetu, na kanuni za Machi 2025 zilizopiga marufuku kutaja na kupokea bei kwa fedha za kigeni nchini zilituhusu sisi kuliko wao. Pia pesa hiyo ilisomesha watoto wengi wa Arusha. Lakini mtu akisema mgeni tajiri hana gharama kwa mwenyeji, huyo hajawahi kutafuta chumba na sebule mjini hapa.

Umaskini wa mgeni haujawa na rangi moja daima. Tengeru, kando ya barabara ya kwenda Moshi, kuna makaburi ya Wapolandi. Walifikishwa hapo tangu 1942, wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliokwishapelekwa uhamishoni na Wasovieti kabla ya kupitia Uajemi. Hawakuwa na kitu. Wakajengewa nyumba, shule, hospitali na kanisa, wakalima. Mkoloni yule yule aliyekuja kuwachomea Wameru nyumba miaka 9 baadaye alijua kumpokea maskini akitaka. Alitaka kulingana na maskini mwenyewe alikuwa nani.

Sasa nifike panapouma zaidi, yaani ajira, maana amri ya 2025 inahusu biashara na wahamiaji maskini wengi hawana biashara yoyote. Wameajiriwa. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inasema anayeomba kibali cha kazi cha mgeni ni mwajiri, aoneshe kwamba Mtanzania mwenye ujuzi huo hakupatikana, na awe na mpango wa kumrithisha mwenyeji kazi. Sheria hiyo ilipotungwa, kibali hicho hakikuvuka miaka 5 kwa jumla, wakati mwekezaji aliweza kufika 10. Juu yake kuna kibali cha ukaazi cha Uhamiaji. Kwa kampuni kubwa hizo ni karatasi za kazi ya ofisa mmoja wa rasilimali watu. Kwa shule ndogo ya ingilishi midiamu pembezoni mwa Moshi, inayomtaka mwalimu wa Kiingereza kutoka Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Holili, ni mzigo wa kukimbiwa.

Wenye shule wengine wanaukimbia. Mwalimu anaingia kama mgeni wa matembezi, anapewa darasa, anaambiwa kibali kinashughulikiwa. Kinashughulikiwa mwaka mzima. Mshahara ukichelewa hawezi kwenda Ofisi ya Kazi, kwa sababu atakuwa amekwenda kujishtaki. Mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, haukatwi. Akinung'unika anakumbushwa kwamba Uhamiaji hawako mbali. Ndipo mwalimu Mtanzania mwenye stashahada yake anapokuja kuomba kazi hapo na kudai mshahara halali, anaonekana ghali. Tunasema mgeni kamnyang'anya kazi. Lakini kilichomfanya mgeni awe rahisi si uraia wake, ni kukosa kwake kibali. Akiwa na kibali mkononi angedai alipwe kama wenzake, na mwajiri asingekuwa na sababu ya kumpendelea isipokuwa ufundishaji wake.

Huo ndio msimamo wangu katika mjadala huu, na najua unawaudhi wa pande zote mbili. Wanaotaka milango ifungwe hawapendi kusikia kwamba msako unamshushia mwenyeji mshahara. Kila kamatakamata inapopita, walionusurika wanazidi kuwa waoga, na mwoga hulipwa kidogo. Wanaotaka milango iachwe wazi kwa jina la undugu wa Afrika nao hawapendi kusikia kwamba mwalimu Mtanzania ana hoja. Anayo. Ushindani anaokutana nao si wa haki, ila aliyeuharibu amekaa kwenye kiti cha mwenye shule.

Kuna mgeni mwingine ambaye mjadala humruka, labda kwa sababu anatabasamu sana. Ni kijana wa Ulaya au Marekani wa miaka 19, amekuja Moshi kwa wiki chache kujitolea kwenye kituo cha watoto. Hana cheti cha ualimu, mara nyingi hajui Kiswahili, na amelipa shirika la kwao fedha ambazo zingetosha mshahara wa mwalimu wa chekechea kwa miezi. Wanaojitolea nao wanatakiwa kuwa na kibali, na wapo wanaokuja na viza ya matembezi tu. Wakibainika, kwa kawaida jambo huishia kwenye malipo na kurekebisha karatasi. Simwonei wivu, na wengine wao wamefanya mema. Ila mkimweka darasa moja na mwalimu kutoka Taveta, Kenya, aliyesomea kazi hiyo, kosa lao linafanana.

Pingamizi zito dhidi yangu ni hili: ukirahisisha vibali kwa wanyonge, watakuja wengi zaidi. Pengine. Lakini Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini hapa hapa Arusha, Novemba 2009, ikaanza kutumika Julai 2010, na kila nchi iliorodhesha aina za wafanyakazi itakaowapokea. Orodha yetu ililenga wataalamu. Kenya, Rwanda na Uganda ziliondoleana ada za vibali vya kazi, sisi hatukuingia humo. Tulikuwa na sababu zetu, mojawapo ikiwa hofu ya wasomi wa jirani. Matokeo yake ni kwamba jirani msomi mwenye mwajiri mkubwa anapita kwa amani, na jirani wa kima cha chini anapita kwa njia za panya. Nadhani tungeweza kuwa na kibali cha Mwafrika Mashariki wa kipato kidogo, kwa ada ya shilingi na si dola, kinachobaki kwa mfanyakazi hata akihama mwajiri. Orodha ya kazi zisizoruhusiwa ibaki, hata saluni ikibidi. Na faini kubwa iende kwa anayeajiri bila kibali kabla haijaenda kwa aliyeajiriwa.

Pendekezo hilo halimsaidii Mhabeshi hata kidogo, na sitaki kujifanya linamsaidia. Vijana wa Ethiopia wanaoingizwa kupitia Namanga, Holili na Tarakea hawana mpango wa kukaa Kilimanjaro wala Arusha. Wanakwenda Afrika Kusini. Wanalala mashambani, wanapakiwa bodaboda usiku, wanafichwa kwenye malori chini ya mizigo. Juni 2012 zaidi ya 40 walikutwa wamekufa mkoani Dodoma, wametupwa porini baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Anayekamatwa akiwa hai hupelekwa mahakamani, hukosa fedha za faini, hufungwa katika gereza lililojaa, na akimaliza kifungo husubiri nauli ya kurudishwa kwao, mara nyingi kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Serikali inasema bila adhabu njia hii itakuwa barabara kuu, na wanakijiji wa Rombo wanaowahurumia kwa ugali watajikuta washirika wa mtandao. Lakini wakala aliyepokea fedha za familia huko Hosaena, Ethiopia, hayumo gerezani, na abiria wake wanakula chakula cha magereza kwa kodi yetu, kwa kosa la kupita. Kuwarudisha makwao moja kwa moja kutoka mahabusu, bila kile kifungo cha katikati, kungeipunguzia hazina gharama hata kwa mtu asiyewahurumia, na askari wangebaki na muda wa kumtafuta mwenye lori.