Mangi Kajifungua

Jamaa aliyeniuzia wale sungura alimpindua wa kwanza chali, akapuliza manyoya pale chini, akakodoa jicho moja, akasema, "Hili dume." Akampindua wa pili: "Jike." Mtu akikagua kwa kujiamini namna hiyo, unalipa tu. Nikarudi nao nyumbani Pasua, mtaa wa Moshi, kwenye boksi la mafuta ya kula. Dume nikambatiza Mangi, yaani chifu kwa Kichaga, jike nikamwita Dada.

Mangi alikuwa na kifua. Ukisogelea banda anapiga mguu wa nyuma chini, puu! Majirani walipita wakitazama, nami nikawa nawaambia, mbegu hiyo, mnaiona?

Sasa, wafugaji wana kanuni: jike ndiye anayepelekwa kwa dume, si dume kwa jike. Jike analinda chumba chake, na ukimwingizia dume mle anaweza kumng'ata hata sehemu ambazo mwenzake bado anazihitaji. Nikaifuata kanuni neno kwa neno. Jioni nikambeba Dada hadi kwa Mangi. Mangi akanguruma (kumbe sungura ananguruma!), akamrukia na kumng'oa manyoya ya shingoni.

"Unaliona dume hilo?" nikamwuliza mke wangu.

"Naona ugomvi," akajibu, akarudi kwenye ufuaji wake.

Purukushani ilipotulia, Dada ndiye aliyempanda Mangi. Nikaeleza kwa sauti, ingawa hakuna aliyeniuliza: "Anamkumbusha kazi." Mara Dada akatoa mlio mfupi, akaanguka ubavu pu! Nikakimbilia maji ya kummwagia. Leo najua kwamba dume la sungura likimaliza kazi ndivyo linavyoanguka. Siku ile nilijua Mangi kamzidi nguvu binti wa watu.

Basi nikaanza kulea mimba. Sungura hubeba siku 30 hivi, kwa hiyo sikutaka mchezo. Dada akaletewa magugu ya mashona nguo, majani ya viazi vitamu yaliyonyaushwa kidogo ili asijae gesi, na pumba asubuhi na jioni. Akanenepa, nikafurahi. Mangi alikula makombo. Fundi akachonga sanduku la kuzalia, nikalitandika majani makavu vizuri. Dada akapanda juu yake, akakojoa, akashuka.

Mangi naye, wakati huohuo, akaanza kujing'oa manyoya ya kifuani na kuzunguka nayo mdomoni. Upele huo! Nikamtenga stoo asije akamwambukiza mjamzito.

Jumamosi mama mkwe akateremka kutoka Kibosho na mkungu wake wa ndizi. Akachungulia stoo.

"Baba, huyu anatandika. Anataka kuzaa."

"Mama, huyo ni dume."

Akanitazama kidogo, kisha akaenda jikoni kumenya ndizi.

Usiku mke wangu akaingia stoo kuchukua sare yake ya kwaya aipige pasi. Nikasikia "Yesu wangu!" Nilipofika na tochi, mkono wake ulikuwa bado ndani ya boksi la nguo. Juu kulikuwa na manyoya laini yaliyofumwa na majani, chini yake joto, na ndani ya hilo joto vitu vinajinyonganyonga: vyekundu, macho yamefumba, havina hata unyoya. Saba. Mangi kajikunja pembeni anatafuna ganda la ndizi.

"Mangi wako kajifungua kwenye sare ya kwaya," mke wangu akasema, taratibu sana.

Mama mkwe akapiga marufuku mtu yeyote kuigusa ile sare. Kesho yake kwaya nzima ilikuwa ya zambarau, isipokuwa mtu mmoja safu ya nyuma mwenye kitenge cha njano. Mwalimu wa kwaya akauliza sare iko wapi. "Nimemwazima mzazi," mke wangu akajibu, akaendelea na sauti ya pili.

Watoto walipoacha kunyonya, mama mkwe akarudi. Anataka majike mawili akafuge Kibosho. Nikainama nimchagulie.

"Wewe baba, tulia tu."

Akavaa miwani, akakaa mlangoni penye mwanga, akawa anampindua mmoja mmoja na kubonyeza kwa kidole: mpasuo, jike; kamrija kadogo, dume. Alipofika wa mwisho akamgeuza mara mbili, akanitazama juu ya miwani.

"Huyu msimpe jina mpaka nirudi."