Gadolini kwenye MRI: lazima au mazoea?

Mama amelala kifudifudi kwenye kitanda cha MRI, mashine ya kupiga picha kwa sumaku, titi limebanwa lisisogee. Uvimbe unaotafutwa haukuonekana kwenye mamografia (eksirei ya titi) wala ultrasaundi. Anadungwa gadolini, dawa ya kung'arisha picha, mshipani, na ndani ya dakika moja au mbili uvimbe unang'aa pichani, maana hupokea damu nyingi kuliko nyama inayouzunguka. Kuanzia hapo ni mbio. Dawa huanza kuuhama uvimbe huku tishu za pembeni nazo ziking'aa, na alama inafifia. Daktari apige hesabu ya mahali, amtoe mgonjwa kwenye tundu la sumaku, aingize sindano ya kuchukua kinyama cha kupima, kisha amrudishe ndani kuhakikisha.

Wapo wanaotaka gadolini iachwe kwa kuhofia madhara yake. Kwa kazi hii, hoja hiyo haina mashiko. Bila hiyo hakuna cha kulenga.

Hata hivyo wanaoihofia hawakurupuki. Gadolini tupu ni sumu; kinachomlinda mgonjwa ni molekuli iliyoishikilia mpaka itoke kwenye mkojo. Mwaka 2006 madaktari wa Ulaya waliihusisha na ugonjwa wa kukakamaa ngozi na viungo kwa watu ambao figo zao zimechoka kabisa. Tangu figo zianze kuangaliwa kabla ya sindano, na dawa kuchaguliwa kwa uangalifu, ugonjwa huo umekuwa adimu mno. Mwaka 2014 likaja jingine kutoka Japani: picha za ubongo wa watu waliodungwa mara nyingi zilikuwa na alama, na baadaye ikathibitika ni mabaki ya gadolini.

Hapo wasimamizi wakaachana njia. Mwaka 2017 Ulaya ilisimamisha dawa nyingi za gadolini ambazo molekuli yake ni ya mnyororo, inayoiachia gadolini kirahisi, ikabakiza za duara zinazoizingira pande zote, pamoja na chache za mnyororo kwa ajili ya ini na viungo. Marekani, mwaka huohuo, haikuondoa hata moja. Iliagiza onyo tu, na mgonjwa apewe maelezo. Ina hoja: hakuna madhara ya ubongo yaliyothibitishwa kutokana na mabaki hayo. Ila penye dawa ya duara inayofanya kazi ileile, sioni kwa nini mtu adungwe ya mnyororo. Na tangu 2022 Marekani imeidhinisha gadopiklenoli, dawa ya duara inayotumika kwa nusu ya dozi ya kawaida.

Mazoea ya kudunga bila lazima nayaona zaidi kwenye MRI ya tezi dume. Huko picha zinazoonyesha maumbile ya tezi na jinsi maji yanavyosambaa kwenye tishu ndizo zenye uzito mkubwa wa kumwelekeza daktari pa kuchoma sindano ya kuchukua kinyama. Utafiti wa PRIME uliochapishwa 2025, wa wanaume kutoka nchi 12, ulikuta kwamba kuacha gadolini hakukupunguza kugunduliwa kwa saratani zinazohitaji tiba. Lakini picha zake zilikuwa safi. Penye mashine chakavu na msomaji wa picha asiye na uzoefu, gadolini inaweza bado kustahili sindano yake.