Simu, kalamu na mitumbwi saba ya Igombe

Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu, mtu mzima aliyefundisha Kiswahili zaidi ya miaka 20, alipita Kirumba, hapa Mwanza, Jumamosi moja akatukuta chini ya mwembe na vijana wa klabu yetu ya uandishi. Wawili walikuwa wanachora, mmoja anarekodi kelele za barabarani kwa simu yangu, watatu wanaigiza ugomvi wa konda na abiria anayedai chenji yake. Alisimama akatazama kwa muda, mikono nyuma, kisha akaniuliza kwa upole wa mtu anayekupa nafasi ya kujitetea: "Sasa Mwalimu, kuandika mnaanza saa ngapi?"

Nilicheka. Njiani kurudi nyumbani nikaona kwamba swali lile lilistahili jibu, na kicheko changu hakikuwa jibu.

Ninachofanya na vijana hawa sikukibuni mimi. Mwaka 1994 wasomi kumi walikutana katika mji mdogo wa New London, jimbo la New Hampshire, Marekani, na mwaka 1996 wakachapisha andiko lililokuja kujadiliwa sana katika elimu. Hoja yao ni kwamba kujua kusoma na kuandika hakuwezi tena kuishia kwenye herufi. Picha inabeba maana, sauti inabeba maana, vilevile ishara za mwili na namna vitu vilivyopangwa mahali. Shule isiyovifundisha hivyo inamwacha mtoto nusu kipofu.

Kwa mtu aliyekulia huku hilo si jambo la kushangaza. Khanga ina pindo, ina mji, ina jina, na bado ujumbe haujakamilika mpaka ujue nani kaivaa na kampitia nani mlangoni. Nenda mwaloni, pale wavuvi wanapopakua samaki, usome mitumbwi: jina limepakwa rangi ubavuni, na mara nyingi historia nzima ya mwenye chombo, deni lake na waliomcheka, imo katika maneno mawili. Nenda Bujora, Kisesa, mwezi Juni wakati wa Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma, uone Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji, wakishindana. Hakuna anayetenganisha pale wimbo na ngoma, mavazi na vituko. Kwa hiyo wanaosema mambo ya picha na sauti ni ya Wazungu, hapo siwafuati.

Tatizo la shule zetu linaonekana ukifungua daftari la insha la mtoto yeyote. "Siku moja ilikuwa siku ya Jumamosi. Niliamka asubuhi na mapema, nikapiga mswaki, nikanawa uso, nikanywa chai, nikaanza safari." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kiasi kwamba nikiiona mkono unaenda wenyewe kutafuta kalamu nyekundu. Mtoto si mvivu. Amefika hapo kwa njia aliyochongewa. Kwa miaka mingi utungaji kwenye mtihani wa darasa la saba ulikuwa sentensi zilizovurugwa, azipange kwa A, B, C na D. Hakudaiwa kutunga hata moja. Anaingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, Kiswahili kinabaki somo moja, na kidato cha nne kinamdai insha ya maneno 250 hadi 300. Ataandika nini zaidi ya mswaki na chai?

Hapo ndipo picha iliponisaidia. Kijana mmoja wa kidato cha pili, ambaye kwao ni mwalo wa Igombe, aliniletea insha ya mswaki kuhusu uvuvi wa dagaa. Nikamwambia aiweke pembeni, achore vyumba vinne. Cha kwanza kilikuwa mitumbwi inasukumwa majini. Cha pili taa nyingi ziwani, kwa sababu dagaa huvuliwa usiku wa giza, wanavutwa na mwanga. Mbalamwezi ikiwaka, kazi inalala. Chumba cha tatu alikuwa amekisugua kwa penseli mpaka karatasi inang'aa, cheusi chote, isipokuwa kitone kimoja cheupe.

"Hapa kuna nini?"

"Alfajiri, Mwalimu. Wenzao wamesharudi."

"Na hiki?"

"Baba."

Nilimwambia aandike hicho tu. Alirudi na mistari mitatu: "Mitumbwi ilitoka saba. Alfajiri taa zikazimwa. Ikarudi sita." Nikamuuliza, vipi baba? Akasema alifika saa sita mchana, injini ilikuwa imekufa, lakini hiyo si sehemu ya hadithi. Kijana ambaye wiki mbili nyuma alikuwa anapiga mswaki sasa anaamua mwenyewe hadithi yake iishie wapi.

Ningetaka niishie hapo na mimi, lakini nisingekuwa nimemjibu mwenzangu. Yeye hoja zake ni tatu, na alizitoa siku nyingine nyumbani kwake tukinywa chai.

Kwanza, darasa lake la kidato cha pili lina wanafunzi 80 na kitu, na simu kwa mwanafunzi shuleni ni marufuku. Pili, hata nje ya shule, mwenye simu ndiye anakuwa mwandishi. Wengine wanashika taa. Hizi mbili nilizijibu haraka, labda haraka kupita kiasi. Mkaa haunywi umeme. Mdomo hauhitaji kifurushi. Mwalimu anaweza kuwafanya watoto 80 wachore kwa vidole vumbini nje ya darasa na ikawa somo. Kinachonishangaza ni kwamba Chuo cha Ualimu Butimba, hapahapa Mwanza, kimetoa walimu wa muziki na sanaa kwa miaka mingi, na bado katika shule zetu mwalimu wa sanaa na mwalimu wa Kiswahili wanakutana kwenye chai ya saa nne tu.

Lakini suala la simu lilinibana kuliko nilivyokubali mbele yake. Mwaka jana tulitengeneza filamu fupi ya dakika tatu kuhusu maji ya ziwa kupanda. Tulitumia Jumamosi sita. Nilipohesabu baadaye kilichoandikwa kwa kalamu, kilikuwa nusu ukurasa, na kiliandikwa na binti mmoja. Wenzake saba walitumia muda mwingi kubishana juu ya muziki. Filamu ilipendwa, wazazi walipiga makofi, na mimi nikapokea pongezi kwa kufundisha uandishi watoto ambao hawakuandika.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonikosesha usingizi. "Mtoto akishachora uso," aliniambia, "hausemi tena. Ameshauchora, autaje wa nini? Unamfundisha kuruka pale pale penye kazi." Ni kweli. Maneno yana ugumu wake, na ugumu huo ndio tunaoufundisha. Kule Bulabo vikundi viwili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watu ndio waamuzi: umati ukihama, umeshindwa. Kikundi kikitoa chatu, watu wanakimbilia kwenye chatu, nami nimekimbia pia. Mwezi unaofuata watu wakiwa shambani, kinachoimbwa ni wimbo. Nyoka alisharudi kikapuni.

Akaniongezea mfano ambao mwalimu wa Kiswahili wa Kanda ya Ziwa hashindwi kuutoa: Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza riwaya yake mwaka 1945 kwa Kikerewe, ikakosa mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981. "Huyo alikuwa na karatasi na subira," alisema mwenzangu, "na hakuwa na simu ya mtu."

Mfano mzuri, ila nadhani unakata pande zote mbili. Kitereza hakuanzia kwenye karatasi tupu. Alikuwa mkusanyaji wa hadithi na mila za Wakerewe, na riwaya yenyewe imejaa mazungumzo, salamu, kazi za shamba na za ziwa, mambo aliyoyasikia kabla hajayaandika. Sikio lilitangulia mkono. Watoto wetu wanaletwa kwenye karatasi bila sikio. Nyumbani ni Kisukuma, Kijita au Kikara, mtaani Kiswahili cha Mwanza, darasani Kiingereza, na insha inawataka waache vyote hivyo mlangoni. Mtoto akirekodi bibi yake akisema "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na kuendelea na habari za mvua, angalau kuna mtu anayezungumza ndani ya hadithi yake.

Kwa hiyo nimebadilisha utaratibu bila kumpa mwenzangu ushindi kamili. Sasa picha inachorwa, kisha inafichwa. Mtoto anaandika kwa mtu ambaye hajaiona. Maandishi anapewa mwenzake, naye achore upya kutokana na maneno tu, halafu tunaweka picha mbili pamoja. Binti mmoja aliandika "mama alikasirika sana". Mwenzake akachora mwanamke mikono kiunoni, mdomo wazi. Tulipofunua picha ya kwanza, mama alikuwa ameketi anachagua mchele, ameinama, kimya. Binti aliziangalia zote mbili akasema, "Huyu siyo mama yangu," akachukua daftari. Safari hii aliandika kuhusu mawe yanavyotolewa kwenye mchele na kurushwa moja moja, na neno hasira halimo.

Hapo ndipo nilipo. Picha na sauti ni njia ya kumfikisha mtoto kwenye jambo lake mwenyewe, na katika hilo hazina mshindani ninayemjua. Ila somo la uandishi linaanza dakika picha inapofichwa, na mwalimu asiyefika dakika hiyo anafundisha kitu kingine, kizuri pengine, lakini kingine. Mimi mwaka jana nilikuwa mwalimu huyo.

Kuna mlango mmoja ambao hata utaratibu huu haufungui. Yule kijana wa Igombe aliipeleka hadithi yake shuleni kama insha, akiwa ameirefusha mpaka ukurasa mmoja. Alipata 4 kati ya 10: "Haina utangulizi. Haina hitimisho." Sitamlaumu aliyesahihisha, kwa sababu ana mwongozo, na kwa mwongozo huo yuko sahihi. Mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024 inazungumza sana umahiri, lakini mtoto anajua kinachohesabiwa ni alama, na wiki iliyofuata aliniletea kitu kinachoanza na "Katika maisha ya binadamu". Tulikaa nacho saa nzima. Nilimfundisha kuandika aina zote mbili na kujua ipi ni ya nani. Sikujisikia vizuri.

Na yupo mwingine. Binti ambaye mama yake aliuza mayai na karanga Kigongo, kwenye foleni ya kivuko, miaka mingi. Daraja la Kigongo–Busisi, karibu kilomita tatu, lilipofunguliwa Juni 2025, magari yakaacha kusimama. Hakuna anayetaka foleni irudi, hata mama mwenyewe hataki. Watu walikuwa wanapoteza saa nzima pale, wakiwemo wagonjwa. Binti alimrekodi mama yake jikoni akirudia namna alivyokuwa anaita wateja, sauti ile ya kuvuta mwishoni, ya mtu anayekimbia huku beseni likiwa kichwani. Sekunde 40. Tulipoisikiliza hakuna aliyeongea.

Nikamwambia utaratibu ni uleule: tufiche sauti, aandike.

"Nikiandika, Mwalimu, atanyamaza," akasema.

Nilijaribu mara mbili zaidi, Jumamosi mbili tofauti. Kwenye daftari lake kuna kichwa cha habari, "Mayai ya Kigongo", kimepigiwa mstari kwa rula, na chini yake ukurasa mtupu. Sekunde 40 bado ziko kwenye simu yangu. Mwenzangu anasema nimlazimishe. Mimi nimemwachia.