Karamu, kalamu na mtoto anayechekwa darasani

Jumanne ya wiki mbili zilizopita mtoto wa kaka yangu alirudi kutoka shule, hapa Isevya mjini Tabora, akatupa begi mlangoni na kupitiliza chumbani. Chakula hakukigusa. Nilipomfuata akaniuliza, "Shangazi, kwani ulimi wangu una nini?" Alikuwa amesimamishwa asome aya mbele ya wenzake. Palipoandikwa "karamu" akasoma "kalamu". Darasa likaangua kicheko, na wa kwanza kucheka alikuwa mwalimu.

Swali lake limenikosesha raha, maana nami nilichekwa hivyohivyo nikiwa darasa la tatu, ila mimi sikumwuliza mtu. Nilijifunza kuyakwepa maneno. Penye "mahari" nilisema "ng'ombe wa posa". Penye "kura" nilinyamaza. Mtoto akishaanza kukwepa maneno, mkono wake hauinuki tena darasani hata akiwa na jibu.

Ulimi wa mtoto huyu hauna kitu. Tamka "ra" polepole ujisikilize. Ncha ya ulimi inagonga ufizi nyuma ya meno ya juu na kuachia papo hapo. Mguso huo huchukua kama milisekunde 20 hadi 30; kupepesa jicho huchukua muda mrefu zaidi. Ukikaza pumzi, ulimi unagonga mara mbili tatu mfululizo, na ndiyo sababu wanaisimu wakaiita sauti hii kimadende. Sasa tamka "la". Ncha inakwenda kwenye ufizi uleule, ila safari hii inatulia, na hewa inapita pembeni mwa ulimi. Hiyo wanaiita kitambaza. Nyuzi sauti zinatetemeka kwa zote mbili. Kwa hiyo aliyesoma "kalamu" aliupeleka ulimi mahali penyewe kabisa. Alichelewa kuuondoa, basi.

Na kwa nini asichelewe? Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumdai auwahishe. Lugha nyingi za Kibantu hazitumii r na l kutenganisha neno na neno. Ikisikika hii au ile, maana ni ileile. Ushahidi tunao hapahapa mjini. Vitabu vya historia vinamwandika Mirambo, yule mtemi aliyefariki mwaka 1884, na wilaya iliyobeba jina lake ni Urambo. Lakini shule ya sekondari yenye jina lake imeandikwa Milambo. Kizazi baada ya kizazi kimepita chini ya kibao kile bila mtu kucheka.

Sikio nalo lina historia yake. Mwaka 2006 mtafiti wa Marekani Patricia Kuhl na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wachanga wa Japani na wa Marekani. Kijapani, kama lugha zetu nyingi, hakitenganishi r na l. Watoto wa miezi 6 hadi 8 wa pande zote mbili walizitofautisha sauti hizo kwa kiwango kilekile. Walipopimwa wa miezi 10 hadi 12, wa Marekani walikuwa wamepanda na wa Japani wameshuka. Yaani kabla mtoto hajatembea vizuri, sikio limeshaanza kuchagua sauti za kushika na za kuachia, kwa kufuata wanaomlea. Halafu miaka tisa baadaye tunamsimamisha mbele ya wenzake tumcheke.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mtoto huyu tunayemwita mzito wa ulimi ana mali ambayo mwalimu wake huenda hana. Kiswahili kina irabu tano. Kinyamwezi, lugha ya kwao, kina saba: kati ya i na e kuna nyingine, na kati ya u na o kuna nyingine. Ili uone ni kazi gani hiyo, kumbuka unavyojaza dumu bombani. Huhitaji kuchungulia kujua linakaribia kujaa, kwa sababu mlio wa maji unapanda kadiri nafasi ya hewa inavyopungua. Kinywa kinafanya vivyo hivyo. Mvumo unaotoka kooni ni mmoja. Ulimi unapopanda, kushuka, kwenda mbele au kurudi nyuma, unabadilisha umbo la nafasi ya hewa, na irabu inabadilika. Kwa mwanamume mtu mzima, njia hiyo kutoka nyuzi sauti hadi midomo ni kama sentimita 17, na ulimi ukitulia katikati huvuma karibu na hezi (mitetemo kwa sekunde) 500, 1,500 na 2,500. Ulimi ukiinuka mbele kwa ajili ya i, mvumo wa kwanza unashuka na wa pili unapanda. Bibi yake kule Uyui anaugawa uwanja huo mara saba bila kufundishwa na yeyote, na mjukuu amezisikia zote saba tangu akiwa mgongoni.

Kuna pia zile nazali zinazoandikwa mh, nh na ng'h, ambazo hewa inapita puani wakati nyuzi sauti bado zimeachana. Mgeni akikutana nazo kwenye jina la mtu, huiacha ile h njiani na cheti kinatoka bila h. Hatumwambii mgeni kwamba ana kasoro. Tunasema hajazoea.

Kwenye simu ndiyo tuna uvumilivu kupita kiasi. Nenda stendi usikilize wanaopokea vifurushi: "S ya Sikonge au F ya fisi?" Simu za mfumo wa zamani hupitisha hezi 300 hadi 3,400 hivi, wakati sehemu kubwa ya nguvu ya s iko juu ya 4,000. Kinachobaki kinafanana na f. Kwa hiyo tunarudia, tunataja herufi, tunasubiri. Uvumilivu huohuo ndio ninaouomba kwa mtoto wa darasa la nne.

Sisemi aachwe hivyo. Wapo wanaosema lafudhi ni utambulisho, tusiiguse. Nawaheshimu, ila kura na kula ni maneno mawili, na mtoto ana haki ya kuyamiliki yote mawili. Ninachokataa ni kumdai sauti bila kumwonyesha inatengenezwa wapi. Sisi tulikariri vipasuo, vikwamizi, vitambaza, ghuna na si ghuna, tukajibu mtihani, na hakuna aliyetuambia tuweke kiganja kooni tuseme "zzz" kisha "sss" tusikie mtetemo unavyozimika. Hakuna aliyetuambia tubane pua tujaribu kusema "mama". Wanaosoma "zambi" badala ya "dhambi" wanaambiwa warudie mara kumi, wakati wangeambiwa tu ncha ya ulimi ichungulie kati ya meno. Chuo cha ualimu kingempa kila mwalimu mtarajiwa wa darasa la kwanza kioo kidogo na wiki moja ya mazoezi haya, kabla hajakabidhiwa kalamu nyekundu.

Sisi tulichukua kioo cha kunyolea cha baba yake. Nilimwambia aseme "dadada" haraka, haraka zaidi, bila kuubandika ulimi. Siku ya kwanza hakupata kitu. Siku ya tatu r moja ikaponyoka, akashtuka mwenyewe.

Kwa upande wa kusikia, nilikumbuka watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, Logan, Lively na Pisoni, ambao mwaka 1991 walionyesha kwamba hata Wajapani watu wazima wanaweza kuzoezwa kusikia tofauti hii wakisikilizishwa sauti za watu wengi. Basi nikapita na simu nikirekodi. Mama muuza uji, kijana wa bodaboda, jirani yetu kutoka Tanga, fundi cherehani, kila mmoja akasema kura, kula, karamu, kalamu, mahari, mahali. Sauti zimefika kumi na moja. Jioni anazisikiliza amefumba macho, ananyoosha kidole kwenye neno alilosikia.

Jana nilimkuta uani chini ya mwembe na mdogo wake, kioo mkononi. "Gonga, uachie," anamwambia. "Usikae hapo."