Boma la Darasa na Rafu ya Vitabu: Nafasi ya Maktaba katika Bajeti za Tabora

Mwanzoni mwa kila mwaka, madiwani wanapokaa kupitisha makadirio ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai, huletwa mezani orodha ya mahitaji ambayo katika wilaya za Mkoa wa Tabora haibadiliki sana: maboma ya madarasa yaliyoinuliwa kwa nguvu za wananchi na kukwama kwenye lenta, zahanati zisizo na nyumba ya mganga, matundu ya vyoo, madawati. Maktaba ya umma ni nadra kuwamo katika orodha hiyo, na ikitajwa hutajwa kama jambo la baadaye. Nataka kulipima suala hili bila kuwabeza wanaosema maktaba isubiri, kwa sababu hoja zao ni nzito kuliko sisi tunaopenda vitabu tunavyokuwa tayari kukiri.

Tuanze na mfuko wenyewe. Halmashauri za Tabora hutegemea kwa kiasi kikubwa ushuru wa mazao, na huku kwetu zao linalobeba mzigo huo ni tumbaku. Mwaka 2017 ushuru huo ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu, na alistahili kuipata, lakini pengo likabaki kwa mweka hazina. Mwaka mmoja kabla ya hapo ukusanyaji wa kodi ya majengo ulikuwa umehamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na tangu 2021 kodi hiyo inakatwa kupitia LUKU, yaani mtu anaponunua umeme. Katika mapato ya ndani yanayopatikana, sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tena, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, huduma za afya zilizokuwa zikibebwa na fedha hizo zilibaki zikitafuta mbebaji mwingine.

Mbele yetu liko jambo zito zaidi. Kwa mageuzi ya elimu yaliyoanza kutekelezwa 2024, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na mwaka 2028 wahitimu wa darasa la sita na wa darasa la saba wataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Diwani anayejua kwamba kata yake itapokea mikondo miwili kwa mpigo ana haki ya kuuliza kwa nini shilingi hata moja iende kwenye rafu za vitabu wakati watoto watakosa mahali pa kukaa.

Hoja yao ya pili ni ya umbali. Mkoa wa Tabora una ukubwa wa kilomita za mraba 76,151, na sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3.3. Maktaba ya mkoa iko mjini. Mkazi wa Kaliua au wa Nzega, aliye zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, hawezi kupanda basi kwenda kuazima kitabu kisha apande tena kukirudisha, kwa hiyo fedha za mkoa mzima zingewafaa zaidi wakazi wa kata za mjini kama Isevya, Cheyo na Kanyenye. Ya tatu ni ya simu. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba mtandao ambayo mtu huisoma bila malipo, na wapo wanaosema kwamba hilo limekwisha kujibu haja ya jengo. Hii naiona nyepesi kuliko mbili za kwanza: vitabu ni bure, bando si bure, na vitabu vya kiada ni sehemu ndogo tu ya mambo ambayo mtu mzima huhitaji kusoma.

Watetezi wa maktaba hujibu haraka kwamba wanafunzi hawana mahali pa kujisomea. Ni kweli. Nyumba ya vyumba viwili yenye watu wanane haimpi mtoto utulivu, na ukiingia maktaba ya umma utakuta wasomaji wengi ni vijana waliokuja na madaftari yao wenyewe, ambao hawajagusa rafu. Hata hivyo, naamini hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote tulizonazo, na tunakosea kuitanguliza. Ikiwa kinachotafutwa ni meza, taa na ukimya, basi madarasa ya sekondari yaliyo katika kata nyingi yanaweza kufunguliwa jioni chini ya mwalimu wa zamu, kwa gharama ndogo kuliko ya maktaba. Mpinzani makini atalisema hilo, nasi hatutakuwa na la kujibu.

Hoja yenye nguvu ni ya wale ambao shule haiwahesabu tena. Kuna kijana aliyepata daraja sifuri katika mtihani wa kidato cha nne na anataka kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kuna mama aliyeacha shule akiwa na mimba na sasa anajiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT. Kuna askari, muuguzi au mwalimu anayesoma Chuo Kikuu Huria, chuo kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu wa namna hiyo hasa, wanaosoma huku wanafanya kazi mbali na kampasi yoyote. Hawa hawana mwalimu wa darasa wala kitabu cha shule, na darasa lililofunguliwa jioni halitawapa kitabu. Mahali pekee pa umma ambapo wanaweza kuingia bila kuulizwa namba ya usajili wa shule, wakaazima kitabu kwa ada ndogo na kuondoka nacho, ni maktaba. Ukiifunga, hakuna ofisi nyingine ya serikali inayorithi kazi hiyo.

Historia yetu inafundisha jambo moja kuhusu fedha zenyewe. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967, nchi ikiwa maskini kuliko ilivyo leo. Miaka ya 1970, sambamba na kampeni ya kisomo cha watu wazima, zikaanzishwa maktaba za vijiji. Nyingi zilikufa. Kilichoziua hakikuwa ukosefu wa majengo. Baada ya vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni vitabu vipya viliacha kuja, na msomaji aliyekwisha kumaliza vijitabu vilivyokuwapo hakuwa na sababu ya kurudi.

Ugumu mwingine ni wa mamlaka. Maktaba za mikoa ziko chini ya Bodi, na Bodi iko chini ya Wizara ya Elimu, ilhali shule na zahanati zinasimamiwa na halmashauri chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Mkurugenzi wa halmashauri anaweza kusema kwa dhati kwamba maktaba si yake, na Bodi ikasema kwa dhati kwamba haina fedha za kufika kila wilaya. Hata pale sheria inapoweka wajibu wazi, ulinzi si kamili: Uingereza imezitaka halmashauri zake kutoa huduma ya maktaba tangu sheria ya 1964, na bado mamia ya maktaba yamefungwa huko tangu 2010.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka kila wilaya ijengewe maktaba mpya sasa. Jengo lingemeza fedha zote, kisha likae na rafu tupu kama za vijijini miaka ile. Lakini sikubaliani pia na kufuta kasma ya maktaba, yaani fungu lake katika bajeti. Wakati wa fedha za UVIKO-19 darasa moja lilijengwa kwa shilingi milioni 20. Tukichukua robo tu ya kiasi hicho, na tukikisia kitabu kimoja kwa shilingi 10,000, halmashauri inapata vitabu 500 kwa mwaka, vinavyoweza kuwekwa katika vituo vya walimu, yaani majengo wanamokutania kwa mafunzo, ambavyo tayari vina paa na mlango, na kuzungushwa kwa masanduku kutoka kata moja hadi nyingine, huku maktaba ya mkoa ikitoa mkutubi wa kuvisajili na kuvifuatilia. Hapo hoja ya umbali inapungua, na boma la darasa halijaporwa kitu kikubwa.

Ikitokea mwaka ambao hata milioni tano hizo ndizo zinazotakiwa kuezeka zahanati, ningeinua mkono zahanati iezekwe. Ningeomba tu kasma ile ibaki katika kitabu cha makadirio na kiasi chochote kilichowezekana, kwa sababu kasma ikishafutwa, mwaka unaofuata anayetaka kuirudisha huanza upya kueleza maktaba ni nini.