Asilimia 6 Haijafika Getini

Kila Mei Mosi wafanyakazi wa Kenya hukaa juani wakingoja rais ataje asilimia. Mwaka 2018 ilikuwa 5. Ukafuata ukimya wa miaka mitatu. Mwaka 2022 ikatajwa 12, na Mei Mosi ya 2024, pale Uhuru Gardens, ikatajwa 6. COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi, hupiga makofi au hununa, waajiri wa FKE, shirikisho lao, huonya kwamba viwanda vitahamia nchi jirani, na kabla wiki haijaisha mjadala umeshazikwa. Yule anayefagia sakafu ya kiwanda kule Lunga Lunga Road, Nairobi, bado hajaona hata ndururu, maana tangazo la jukwaani halimlazimishi mwajiri yeyote. Nyongeza huanza kumbana siku amri ya mishahara inapochapishwa katika gazeti rasmi la serikali na kupewa tarehe ya kuanza. Ile ya 2024 ilianza tarehe 1 Novemba. Miezi 6 nzima bei za unga na nauli hazikumngoja mtu.

Asilimia ni muhimu, sikatai. Kuanzia amri ya 2018 hadi ya 2024, kima cha chini cha kibarua wa kawaida Nairobi kilitoka 13,572.90 hadi 16,113.75, yaani chini ya asilimia 19 kwa zaidi ya miaka sita, na katikati ya miaka hiyo tuliona pakiti ya unga ya kilo 2 ikipita shilingi 200. Lakini naona tunakesha tukipigania asilimia ilhali pesa nyingi za maskini wa mjini zinapotelea kwenye hesabu ya mshahara wenyewe, mahali ambapo hakuna jukwaa wala kamera.

Tuanze na hiyo 16,113.75. Wengi, wakiwemo wahasibu wa kampuni, huisoma kana kwamba ndiyo mshahara mzima. Huo ni mshahara wa kimsingi tu. Asiyepewa nyumba na mwajiri anaongezewa marupurupu ya nyumba ya asilimia 15, ambayo ni 2,417.06, na jumla inakuwa 18,530.81. Hapo ndipo makato yanapoanzia: akiba ya uzeeni ya NSSF asilimia 6, yaani 1,111.85, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, yaani 509.60, ada ya nyumba asilimia 1.5, yaani 277.96. Kodi ya mapato haimgusi kwa sababu msamaha wa kodi wa 2,400 kwa mwezi unaimeza yote. Anabaki na 16,631.40 mkononi.

Sasa angalia mchezo. Mwajiri anaandika kwenye mkataba 16,200, anaongeza maneno kwamba nyumba imo ndani, kisha anajisifu kuwa yuko juu ya kima cha chini. Sheria inamruhusu kuunganisha mshahara na nyumba, ila jumla isishuke chini ya vyote viwili vikijumlishwa. Hapo amemnyima mtu 2,330.81 kila mwezi. Kwa mwaka ni 27,969.72, karibu kodi ya miezi 8 ya chumba cha mabati cha 3,500 pale mtaa wa mabanda wa Mukuru. Hakuna rais aliyewahi kutangaza nyongeza ya kiasi hicho kwa kibarua, na hii sheria ilishaitoa zamani. Mwajiri anaichukua tu.

Mchezo wa pili ni wa jina la kazi. Amri ya mishahara haina kima kimoja. Ina orodha ndefu: kibarua, mfagiaji, yaya na mlinzi wa mchana wako chini kabisa, juu yao wako wapishi na wahudumu wa hoteli, mlinzi wa usiku, msimamizi wa mashine, na kuendelea hadi keshia na dereva wa lori kubwa, ambao kima chao kinapita mara mbili ya kile cha kibarua. Ukiingia kiwandani utakuta aliyesimama kwenye mashine ya kufungasha miaka minne ameandikwa kibarua. Anayepokea pesa dukani ameandikwa msaidizi. Neno moja kwenye karatasi linameza maelfu, na mwenye karatasi hajui kwamba kuna orodha.

Kuna na saa. Amri inaweka saa 52 kwa wiki kwa wa mchana. Zamu ya saa 1 asubuhi hadi saa 1 jioni kwa siku sita, ukitoa saa moja ya chakula kila siku, ni saa 66. Zile 14 za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Saa moja hupatikana kwa kugawa mshahara wa kimsingi kwa 225, kwa hiyo ni 71.62, na ya ovataimu ni 107.42. Kwa wiki hiyo ni zaidi ya 1,500. Viwanda vingi huiita zamu hiyo "siku moja" na kuilipa kama siku moja.

Halafu kuna ramani. Katika amri ya 2024, Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru zina safu yao, ile ya 16,113.75 kwa kibarua. Zilizokuwa manispaa, pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru, zina karibu 14,867. Kwingine kote ni 8,596.49. Yaya anayefanya kazi Ongata Rongai yuko kwenye hiyo safu ya mwisho kwa sababu Rongai haikuwa miongoni mwa manispaa za zamani. Mwenzake aliye ng'ambo ya Mto Mbagathi, upande wa Nairobi, anastahili karibu mara mbili yake. Wananunua sukuma wiki ya bei ileile na kupanda matatu zilezile. Mpaka huu ni wa zamani, na kuufuta hakuhitaji asilimia yoyote ya Mei Mosi, ila amri yenye sentensi moja mpya.

Hayo yote yanamhusu mwenye mkataba. Asiye nao, nenda umwone getini.

Saa 12 na nusu asubuhi geti la chuma linafunguka upana wa mtu mmoja. Supavaiza yuko na daftari. Watu wamenyoosha vitambulisho juu, wengine wamekuja kwa miguu kutoka Mukuru kwa Njenga kuokoa nauli. Anaokota vitambulisho hadi idadi ya siku hiyo itimie, geti linafungwa, waliobaki wanasimama kidogo wakitumaini kwamba kuna mtu hatafika, kisha wanatawanyika. Aliyeingia atalipwa 500 jioni, pengine na mwenye kontrakti wala si kiwanda chenyewe, na mara nyingine supavaiza hukata yake kwa kumchagua. Kwa siku 26 hizo ni 13,000, akibahatika kuchaguliwa kila siku. Ukiigawa 18,530.81 kwa siku hizo 26, siku ya Nairobi haipungui 700.

Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kiliandikwa kwa ajili ya mtu huyu. Siku zake za kazi mfululizo zikijumlika kufikia mwezi mmoja, ukibarua unageuka kuwa ajira ya mkataba. Akitimiza miezi miwili au zaidi, anapata haki zote kama mwajiriwa wa kawaida. Ndiyo maana baadhi ya viwanda huwapumzisha watu wiki ya nne na kuwarudisha kwa namba mpya au kwa kontrakta mwingine. Wanaijua sheria vizuri, tena kuliko wale inaowalinda.

Wapinzani wa kima cha chini wana hoja moja ninayoiheshimu, nayo ni ya yaya. Mama anayepokea 20,000 kiwandani hawezi kumlipa yaya 16,113, hata bila marupurupu ya nyumba. Anampa 6,000 na malazi sakafuni, na kwa mujibu wa sheria amevunja amri. Ukimshtaki, unamshtaki maskini kwa niaba ya maskini mwenzake, na kesho yake wote wawili hawana kazi. Jibu langu ni kwamba mshahara pekee hauwezi kuubeba mzigo wa malezi ya mtoto. Kaunti ijenge vituo vya kulelea watoto karibu na viwanda kama inavyojenga masoko, na kiwanda kinachoajiri mamia ya akina mama kichangie. Lakini hoja hii isikopwe na kampuni yenye malori 30. Shida ya yule mama si shida yake.

Mshahara huo ukishafika nyumbani, unanunua kidogo kuliko unavyonunua kwa tajiri. Mtungi wa lita 20 kwa shilingi 5 unaonekana rahisi, lakini ni 250 kwa lita 1,000, na bei ya bomba rasmi la nyumbani haifiki hata nusu ya hapo. Maji yakikatika mtungi hufika 20, na hesabu inapanda hadi 1,000. Mafuta hupimwa ya shilingi 20, sukari hufungwa kwenye kikaratasi, na makaa huuzwa kwa mkebe. Huo ndio uchumi wa kadogo. Anayelipwa kila jioni hana namna ya kununua jerikeni la lita 5 hata kama anajua lingemfaa, kwa hiyo kumlipa kwa mwezi, kwa mkataba, ni nyongeza ya mshahara yenyewe.

Kwa nini waajiri hawaogopi? Piga hesabu. Adhabu ya kulipa chini ya amri ni faini isiyozidi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Mwenye wafanyakazi 200 anayemnyima kila mmoja 5,000 anabaki na milioni moja kila mwezi. Hata hakimu akitoa faini ya juu kabisa kwa kosa hilo, mwajiri ameshaifidia kufikia siku ya pili ya mwezi. Maafisa wa kazi nao ni wachache, na wengi hungoja mtu alalamike kwanza. Mei Mosi ijayo ningependa kusikia faini ikihesabiwa kwa kila mfanyakazi aliyepunjwa, na kima cha chini kikipandishwa kila mwaka kwa kufuata mfumuko wa bei bila kungoja hisani ya jukwaa.

Kwa sasa, anayepunjwa aanze kutunza ushahidi. Jumbe za M-Pesa za malipo asizifute. Apige picha ukurasa wa daftari la getini wenye jina lake, kadi ya kuingilia, hata karatasi ya ratiba ya zamu. Kama mwajiri hakumwandikia mkataba, akishindwa kuuleta kortini ni juu yake mwajiri kuthibitisha masharti ya kazi yalikuwa yapi. Dai lina miaka 3 tu, na kwa madhara yanayoendelea ni miezi 12 tangu yalipokoma, kwa hiyo kungoja hadi "mambo yatulie" ni kupoteza. Aende kwanza ofisi ya kazi ya kaunti, kisha kortini. Anayepata chini ya 80,000 kwa mwezi anasikilizwa na hakimu wa kawaida.

Na aende na hesabu iliyoandikwa. Kwa yule wa getini aliyelipwa 13,000 kila mwezi kwa miezi 14: 18,530.81 toa 13,000 ni 5,530.81. Zidisha kwa 14. Anadai shilingi 77,431.34, kabla hajahesabu ovataimu.